Ngozi ya Samaki Mgongoni mwa Upinde

Jumatatu, 3 Juni

Baba hakuamka leo. Si kwamba amekufa. Amekataa tu kutoka kitandani, anasema miguu imestaafu. Chumba chake kimepakana na karakana, ukuta ni mmoja, kwa hiyo anasikia kila randa ikipita na kila tupa ikilia. Miaka arobaini anatengeneza pinde. Sasa anazisikiliza.

Ametuita sote wawili. Mimi, kifungua mimba. Na mdogo wangu wa kike, ambaye mtaa mzima unamwita Kimya, kwa sababu maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Mimi mtaa unaniita Injinia. Nilianza kujiita mwenyewe, wakazoea.

Baba akatuonyesha uvunguni. Vipande viwili vya mti. Mti mmoja huo, aliukata miaka tisa iliyopita, akaupasua katikati, akauacha ukauke taratibu kivulini. Kimoja changu, kimoja cha Kimya. Kila mtu atengeneze upinde. Jumamosi ya tarehe 15 klabu ya walenga shabaha inafungua uwanja wake mpya, na Mwenyekiti atachagua upinde wa kurushia mshale wa kwanza. Baada ya hapo Baba atatamka nani anachukua muhuri. Muhuri ni kile chuma kidogo chenye alama ya karakana: unakiweka motoni, unakigandamiza kwenye upinde uliokamilika. Mwenye muhuri ndiye fundi. Mwingine ni msaidizi.

Niwe msaidizi wa mdogo wangu? Niliyembeba mgongoni? Thubutu!

Jumanne, 4 Juni

Kimya ameanza kuranda. Polepole, kama anamchana mtu mgonjwa nywele.

Mimi nimetumia akili. Mti mkavu ni mwepesi, na upinde mwepesi hurusha mbali. Kwa hiyo mti mkavu zaidi hurusha mbali zaidi. Mtu hahitaji kusoma sana kulijua hilo. Nimepanda juu ya paa nikakilaza kipande changu kwenye bati, jua la saa sita, mpaka saa kumi. Nilipokishusha kilikuwa kinachoma mikono.

Baba akauliza kupitia ukutani mbona hasikii randa yangu. Nikamwambia niko kwenye kufikiri. Akasema alikuwa anaogopa hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Juni

Kazi ambayo Kimya ataimaliza kwa wiki, mimi nimeimaliza kwa siku moja! Kuranda, kupiga tupa, msasa, ugwe, yaani kamba ya upinde, ukafungwa. Saa tisa nikauvuta mpaka kidevuni, bila kuuzoeza kwanza. Kuzoeza ni kuuvuta kidogo kidogo siku nyingi, hadi mti ukubali. Mambo ya wazee.

Upinde ukasema: tk.

Nimeukagua dirishani. Mgongoni, juu kidogo ya mshiko, kibanzi kimeinuka. Urefu wa kidole cha kati. Kimekatiza nyuzi za mti kwa mshazari. Mgongo ni ule upande unaotazama shabaha, ndio unaovutika mtu akivuta. Ufa wa tumboni husameheka. Ufa wa mgongoni haujasamehewa tangu dunia iumbwe. Baba angeuvunja gotini na kuutia jikoni bila hata kuguna.

Lakini hakuna kipande kingine. Nikajaza gundi na unga wa mbao, nikafunga kwa kamba. Ukiusogeza karibu, ufa unaonekana. Ukiusogeza mbali, unaonekana pia.

Nikatoka kupunga upepo. Nikapita kwa Mama Samaki. Yumo anakwangua ubao wake kwa kisu, anatukana. Ngozi ya samaki wa jana imekaukia pale, imeng'ang'ania, kisu kinateleza. Amekwangua mpaka kisu kikapinda. Ngozi iko pale pale.

Nikasimama katikati ya soko kama mtu aliyeitwa jina lake. Ngozi! Inabandikwa mgongoni, inakauka, inakaza kama chuma. Na haionyeshi kilicho chini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeomba ngozi nne kubwa. Mama Samaki akauliza nina paka wangapi. Nikamwambia ni mambo ya ufundi. Akanitazama kwa huruma, akaongeza vichwa viwili.

Nikachemsha ngozi zote ili zilainike. Ndani ya dakika tano zikajikunja. Dakika ya kumi zikawa ndogo kama vifuniko vya chupa. Dakika ya ishirini sikuwa na ngozi tena, nilikuwa na uji. Sufuria ni la mke wangu. Amesema nichague: sufuria litoke nyumbani au mimi. Tumetoka wote wawili. Naandika haya karakanani, sufuria pembeni yangu, na paka watatu nisiowajua wamekaa mlangoni kama wanaosubiri daktari.

Jumamosi, 8 Juni

Ngozi mpya mbili. Safari hii maji baridi. Nilikuwa nakwangua magamba yakiruka mpaka kwenye nyusi, Kimya akaja akasimama. Nikaugeuza upinde haraka, mgongo ukutani.

Alichukua kijiko, akageuza ngozi, akaanza kukwangua upande wa ndani, nyama na mafuta. Akaniambia mafuta yasipotoka gundi haishiki. Nioshe kwa sabuni mara tatu, nisuuze, niibane katikati ya vitambaa. Akafanya moja, akaniachia ya pili nijaribu. Nikaitoboa. Akashona tundu kwa uzi mwembamba hata siwezi kuliona.

Kisha akasema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Kwamba ngozi ya samaki ni nguo. Inapendeza, inazuia unyevu, inashikilia vibanzi vidogo. Lakini haibebi uzito. Upinde mzima ukivaa, sawa. Upinde mgonjwa ukivaa, ni mgonjwa aliyevaa.

Nikamuuliza nani amemwambia kuna upinde mgonjwa. Akasema hakuna. Akaondoka.

Mpelelezi! Ananisaidia ili ajue siri zangu. Mimi si mtoto.

Jumapili, 9 Juni

Gundi ya kuchemsha, vuguvugu, tabaka mbili. Ngozi zimekutana katikati, kwenye mshiko, mikia kwenye ncha. Inatakiwa kuzungushiwa vitambaa vya kubana mpaka ikauke. Vitambaa sikuwa navyo. Shuka safi ya Baba ilikuwa imeanikwa. Nimechana vipande kumi na viwili. Nimebakiza upande mmoja, na Baba mwenyewe siku hizi amekonda, utamtosha.

Jumanne, 11 Juni

Inatakiwa siku nne. Nimefungua baada ya mbili.

Mungu wangu. Uzuri! Vile vifuko ambamo magamba yalikuwa yamekaa vimebaki, safu kwa safu, kijivu na fedha, kama mtu amechora kwa sindano. Ufa? Ufa gani? Nimetafuta mwenyewe, nikijua ulipo, sikuuona.

Mwenyekiti wa klabu amepita kukagua. Mtu mzito, kofia yake haivuliwi. Akaushika upinde wa Kimya, akasema mzuri, akauweka. Akaushika wangu, akausahau mkononi kwa nusu saa. Akaita watu waliokuwa wanapita njia. Akasema huu, huu ndio wa mshale wa kwanza, na kwamba karakana hii haijawahi kutoa kitu kama hiki. Nikamwambia ni utafiti wa muda mrefu. Kimya alikuwa anafagia. Aliinua ufagio kidogo ili Mwenyekiti apite.

Nimeusimamisha upinde wake nyuma ya mlango. Si kwa ubaya. Pale ndipo palipokuwa na nafasi.

Jumatano, 12 Juni

Nimempelekea Baba.

Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo alitumia vidole. Akaanza kwenye ncha ya chini. Akapanda taratibu. Akatabasamu kwenye ngozi, akasema samaki huyu alikuwa mnene. Akapita mshiko. Akapanda kidogo. Vidole vikasimama.

"Hapa chini kuna nini?"

"Ngozi tu, Baba."

"Ngozi iko juu. Nimeuliza chini."

Nikasema pengine gundi ilijikusanya. Akarudisha kidole, mara tatu, kama mtu anayebonyeza jino bovu.

"Ivue hiyo ngozi, mwanangu."

"Nitaivua, Baba."

"Hutaivua." Akapumzika, pumzi zilikuwa chache. "Niitie mdogo wako."

Nikamwambia ametoka, amekwenda sokoni.

Randa ya Kimya ilikuwa inapita upande wa pili wa ukuta. Taratibu, ile ile. Niliisikia. Baba aliisikia pia. Tukakaa tunaisikiliza wote wawili. Akaita kwa nguvu zake mwenyewe, jina la mdogo wangu, mara moja, sauti ndogo sana. Randa haikusimama. Akageuza uso ukutani.

Nimetafakari. Vidole vya mgonjwa haviaminiki. Ana homa. Mtu mwenye homa huhisi vitu visivyokuwepo. Hata mimi nikiwa mdogo na homa niliwahi kuona mbuzi darini.

Ijumaa, 14 Juni

Baba amefariki jana kabla ya saa sita mchana. Kimya alikuwa anamlisha uji. Nilikuwa nje nafukuza paka.

Tumemzika leo. Tulipomfunika kwa ile shuka yake wakati tunasubiri sanda, miguu ilitokeza. Shangazi akauliza nani amechana shuka ya mgonjwa. Watu wakatazamana. Nikasema panya.

Nimelia. Naliandika hapa kwa sababu mke wangu anasema sikulia.

Kuhusu muhuri hakuacha neno. Mwenyekiti ameahirisha ufunguzi kwa wiki moja, kwa heshima ya marehemu. Anataka mmoja wetu, watoto wa marehemu, ndiye arushe mshale wa kwanza, kwa upinde wa ngozi.

Jumatano, 19 Juni

Wageni wa msiba wamepungua. Leo nimeufunga ugwe, nikauvuta kidogo. Nusu tu.

Tk.

Ni ngozi inajipanga. Ngozi mpya hulia, kama viatu.

Hata hivyo nimepata wazo kubwa. Kwa nini nirushe mimi? Bega langu la kulia si zima tangu niliposhuka paani. Kimya ndiye mwenye shabaha katika familia yetu. Jani likidondoka analichagulia pa kulitoboa. Upinde wangu mikononi mwake utapiga katikati, na watu watasema nini? Watasema upinde! Na mimi nitakuwa pembeni, mikono nyuma, mnyenyekevu.

Nimemwendea. Nimemwambia kwamba mimi ndiye mkubwa lakini heshima hii namwachia yeye, Baba angependa. Macho yake yakajaa machozi. Akasema, "Asante, kaka." Sijamsikia akiniita kaka kwa sauti ile tangu tuko wadogo.

Aliniuliza jambo moja: kama upinde umezoezwa vizuri. Nikamwambia wiki nzima.

Naona niliyaamua haya kwa moyo safi. Bega linauma kweli.

Jumamosi, 22 Juni

Nitaandika kwa ufupi.

Uwanja ulijaa. Mwenyekiti alihutubia, kofia kichwani. Kimya akasimama kwenye mstari na nguo zake za msiba. Akaweka mshale. Akavuta. Alivuta vizuri sana, kiwiko juu, mgongo umenyooka, kama Baba katika ile picha ya zamani. Alipofika shavuni akatulia, anatafuta katikati.

Haikuwa tk. Ilikuwa kama mlango uliopigwa teke.

Mkono wa juu wa upinde ulikatika pale pale na kurudi nyuma usoni mwake. Hakupiga kelele. Alikaa chini, kama mtu aliyechoka, akaweka kiganja juu ya jicho la kulia, damu ikapita katikati ya vidole. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Mwenyekiti. Alivua kofia, akamkingia jua.

Mimi niliokota upinde. Sijui kwa nini. Vipande viwili vilikuwa bado vimeshikana, vinaning'inia kwa ngozi. Ngozi yenyewe haikupasuka. Popote. Hilo nataka liandikwe.

Kabla watu hawajasogea, nilivunja mahali palipokatika kwa kisigino, ufa wa zamani usitambulike.

Jumatatu, 24 Juni

Hospitali. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Bendeji nusu ya uso. Daktari amenieleza kwenye korido kwamba jicho limekwenda. Alieleza kwa upole, akauliza kama nina swali. Nikamuuliza kama ni la kulia kabisa kabisa, lile la kulengea. Akasema ndilo.

Nilimpelekea machungwa. Nikamenya, nikala mawili kwa wasiwasi.

Kimya akaniuliza, bila kugeuka, "Kaka, ulijua?"

Nikasema, "Nijue nini?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni. Nikadhani tumemaliza. Kisha akasema Baba alimwita, Jumatano ile. Alimsikia kupitia ukutani. Alikuwa anamalizia mkono wa upinde, akajiambia, dakika mbili tu, nimalize hapa. Alipokwenda Baba alikuwa amelala. Na kesho yake, wakati wa uji, Baba alijaribu kusema jambo, ulimi ukawa mzito. Sasa kila saa anajiuliza lilikuwa jambo gani. Labda maji. Labda alitaka kumuaga.

"Dakika mbili, kaka. Ningeacha randa dakika mbili."

Nilikuwa na chungwa mkononi. Nililiangalia. Kulikuwa na nafasi pale, kama mlango ulioachwa wazi, mtu angeweza kuingia na kusema. Muuguzi akapita na kigari cha dawa, magurudumu yakilia. Alipokwisha kupita, nikamwambia asijilaumu.

Ni maneno mazuri. Ndugu yeyote angesema hivyo. Amenishika mkono mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Jumapili, 30 Juni

Amerudi nyumbani. Anagonga miimo ya milango kwa bega la kulia. Akimimina chai, inamwagikia nje ya kikombe, upande ule ule, na anapangusa kabla mtu hajasema.

Leo ameingia karakanani na kitu kimefungwa kwenye leso. Muhuri! Nikauliza umeutoa wapi. Akasema Baba alimpa tangu mwezi wa nne, kabla hajalala kitandani. Walikubaliana wasiseme. Baba alitaka nipewe kipande na nafasi yangu, nisije nikasema maisha yangu yote kwamba sikupewa. Na kama upinde wangu ungekuwa mzuri, Kimya mwenyewe alisema angenigawia muhuri kwa moyo mmoja.

Kwa hiyo mashindano yalikuwa yamekwisha kabla hayajaanza. Nimedhulumiwa na watu wawili, mmoja marehemu! Niliumia sana. Nilitaka kusema, lakini akaendelea.

Amejaribu kuranda jana. Haoni tena kama mstari umenyooka. Mti unamkimbia. Kwa hiyo muhuri ni wangu, na karakana. Yeye atakwenda kwa shangazi, kumsaidia dukani.

"Jambo moja tu," akasema. "Pinde zako uzivalishe unachotaka. Lakini mti uutazame kwanza. Ukiona mstari hata kama unywele, vunja. Niahidi."

Nikaahidi. Akaniwekea muhuri kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Kisha akatoka, akagonga mwimo, akaomba radhi. Aliuomba mwimo.

Alhamisi, 4 Julai

Fundi! Nimelala usingizi mzuri, nimeamka fundi. Nimemwagiza mchora mabango aandike INJINIA WA PINDE, herufi nyekundu.

Mwenyekiti amekuja asubuhi. Sijui alikuwa na haya au huruma, hakunitazama usoni. Amesema ajali ni ajali, mti ni kitu cha Mungu, na klabu haiwezi kuitupa familia ya marehemu wakati kama huu. Anataka pinde sita za wanaoanza kujifunza. Nyepesi. Akauliza kama zinaweza kuvishwa ile ngozi, wanaoanza wanapenda vitu vya kung'aa. Nikamwambia hiyo ndiyo fani yangu.

Nimenunua mti kwa mpasua mbao wa jirani. Haujakauka, lakini jua lipo. Kipande cha kwanza kimetoka vizuri mno, isipokuwa mgongoni, karibu na mshiko, kuna kamstari. Kadogo. Kama unywele. Nimekitazama sana, kama nilivyoahidi. Nimekitazama robo saa nzima.

Nimekaa nikapitia yote yaliyotokea, kwa uaminifu, kama mtu mzima anavyopaswa kujihoji. Na kosa nimeliona. Liko wazi kabisa, nashangaa halikuonekana mapema.

Nilibandika ngozi tabaka moja. Safari hii nitabandika mbili.